Saa nane za usiku bwenini: mwongozo wa kuiandaa shule kwa moto na dharura nyingine

Usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la wavulana la shule ya Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri nchini Kenya, lilishika moto. Bweni hilo lilikuwa la wavulana 156. Waliokufa walikuwa 21. Kuna hesabu nyingine ya tukio lile ambayo kila mwalimu wa bweni angeibandika mezani kwake: kesho yake serikali ilitangaza kwamba watoto 70 walikuwa bado hawajulikani walipo. Wengi wao walikuwa hai. Kuna waliochukuliwa na wazazi wao gizani, na kuna waliokimbilia kwa majirani wakapewa pa kulala. Kwa saa zote hizo, mzazi aliyesimama getini hakujua kama mwanawe ni miongoni mwa marehemu au yuko nyumba ya tatu anakunywa chai.

Nimekuwa patroni wa bweni kwa miaka kumi na moja, na nimesoma habari za mioto hii ya shule hadi naziota. Shauritanga, Rombo, mwaka 1994. Bombolulu, Kenya, 1998. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, walikufa wavulana 67. Byamungu, Kyerwa mkoani Kagera, Septemba 2020, watoto 10. Shule inayojiona imejiandaa huwa inakuonyesha mitungi myekundu ya kuzimia moto ukutani. Mimi huuliza maswali mawili: saa nane za usiku ufunguo wa mlango uko kwa nani, na nani anajua majina ya waliolala ndani? Shule ikishindwa kuyajibu papo hapo, mitungi ile haitaisaidia.

Mwongozo huu ni wa shule za bweni, maana huko ndiko watoto wanakufa wengi kwa mara moja. Shule ya kutwa itachukua yake humu humu.

Kwanza, tembea shuleni usiku

Kabla ya kuitisha kikao chochote, chagua usiku mmoja, taa zikiwa zimezimwa na wanafunzi wamelala, uizunguke shule kwa miguu. Chukua tochi, daftari, futi ya fundi, mlinzi na kiranja mmoja. Mchana shule hukudanganya: milango iko wazi, walimu wapo, jua linamulika kila kona. Usiku ndio unaona shule ambayo moto utaikuta.

Mara yangu ya kwanza kufanya hivyo, tulikuta mlango wa nyuma wa bweni una kufuli. Mlinzi akasema ufunguo anao matroni. Matroni akasema alimwachia mtunza stoo. Mtunza stoo alikuwa ameenda mjini tangu Ijumaa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Ndani walilala wavulana themanini na nne. Tuliling'oa kufuli lile kwa nondo, nikavuta kiti nikakaa mlangoni hadi adhana ya alfajiri. Kila nilichokipanga baada ya hapo kilianzia kwenye kufuli lile.

Katika matembezi hayo jaribu kila mlango kwa mkono wako mwenyewe. Fungua kila dirisha. Lala kwenye kitanda cha mwisho kabisa pembeni, juu, kisha shuka utembee hadi nje umefumba macho; hesabu hatua, na uandike ulijikwaa wapi. Angalia soketi moja imebeba chaja ngapi, waya gani umeunganishwa kwa mfuko wa plastiki, nani anaweka dawa ya mbu ya kuwasha chini ya kitanda, mshumaa uko wapi. Nenda na jikoni: mtungi wa gesi uko ndani au nje, kuni zimepangwa karibu na nini, nani anahakikisha makaa yamezimika. Nenda hadi swichi kuu ya umeme. Mara nyingi utakuta iko ndani ya ofisi iliyofungwa.

Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni mwaka 2008, na vipimo vyake vinafaa kuanzia hata ukiwa Tanzania au Uganda. Mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5 na ufunguke kwa nje. Bweni liwe na mlango kila mwisho, na mwingine wa dharura katikati. Kati ya kitanda na kitanda iwepo mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Madirisha yasiwe na nondo na yafunguke kwa nje bila shida.

Pima. Kama nafasi kati ya vitanda ni sentimita 40, andika 40. Najua mkuu wa shule atakachosema: wanafunzi ni wengi, vyumba ni vichache, wazazi wanataka nafasi. Yote ni kweli. Lakini kuna jambo la kufanya wiki hii hata bila kujenga: toa matranka njiani uyapange ukutani au kwenye chumba chake, ondoa kitanda kimoja cha dabo deka kilichoziba mlango wa pili, na hamishia watoto wachache kwenye chumba kisichotumika. Kitanda kilichoziba mlango ni kosa lisilohitaji bajeti kulirekebisha.

Ufunguo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mlango uliofungwa na dirisha la nondo vinajirudia katika misiba hii mmoja baada ya mwingine. Kyanguli, bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo.

Watu hawafungi mabweni kwa ukatili. Wanafunga kwa sababu ya wezi, kwa sababu ya wanafunzi wanaotoroka usiku, na kwa mabweni ya wasichana, kwa sababu ya wanaume wanaonyemelea. Hofu hizo ni za kweli na ukizipuuza, kufuli litarudi mlangoni baada ya mwezi mmoja. Kwa hiyo tafuta njia inayozuia wa nje kuingia bila kumzuia wa ndani kutoka.

Njia yenyewe ni komeo la ndani. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwenu anaweza kulitengeneza: chuma kinachosukumwa kwa mkono mmoja kutoka ndani, hakina ufunguo, na kutoka nje hakifikiwi. Kiwekwe kimo ambacho mtoto mdogo kuliko wote anakifikia. Kijaribiwe naye, gizani. Ulinzi dhidi ya watu wa nje uhamie kwenye uzio, taa za nje na mlinzi anayezunguka, badala ya kuubebesha mlango wa bweni.

Kwa madirisha, kama huwezi kung'oa nondo zote kwa sasa, angalau dirisha moja kila upande nondo zake zikatwe na kufungwa bawaba, zifunguke kwa nje kama mlango mdogo, na komeo liwe ndani. Lipake rangi nyeupe ili lionekane gizani. Chini yake nje pasiwe na rundo la mawe wala mtaro wazi.

Wakati wanafunzi wako darasani, bweni lifungwe kwa kufuli kama kawaida, na asibakie mtu ndani. Mgonjwa apelekwe chumba cha wagonjwa, asiachwe bwenini "apumzike". Jioni kufuli lifunguliwe na litoke kabisa mlangoni, likatundikwe nyumbani kwa matroni au ofisi ya mlinzi hadi asubuhi. Kufuli linalobaki linaning'inia mlangoni litafungwa na mtu siku moja, kwa mazoea.

Orodha

Kila usiku baada ya prepo, kabla taa hazijazimwa, majina yaitwe bwenini kitanda kwa kitanda. Kuuliza "wote mpo?" na kuitikiwa "ndiyoo" hakutoshi, jina moja moja, na mwenye jina aonekane. Aliye chumba cha wagonjwa, aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, aliyehamia kulala na ndugu yake bweni la pili, wote waandikwe walipo. Inachukua dakika kama kumi. Mwalimu wa zamu atie sahihi.

Karatasi hiyo isikae ndani ya bweni linaloweza kuungua. Nakala moja iwe kwa mlinzi getini, nyingine kwa matroni au patroni, na picha yake itumwe kwenye simu ya mwalimu wa zamu. Pembeni ya kila jina iwepo namba ya mzazi na ugonjwa unaojulikana: pumu, kifafa, selimundu, kisukari. Siku ya dharura daktari atakuuliza hayo kabla ya salamu.

Wakati wa tukio, mlango mkubwa wa kupoteza watoto ni huruma. Mzazi anafika, anamwona mwanawe, anamkumbatia na kuondoka naye. Jirani anachukua watoto wanne wanaotetemeka kwa baridi. Msamaria anampakia majeruhi kwenye pikapu. Hakuna aliyekosea, lakini shule imeshapoteza hesabu. Kwa hiyo mteue mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kalamu tu: hazimi moto, habebi majeruhi. Anasimama na orodha, na hakuna mtoto anayeondoka bila kuandikwa jina lake, ameondoka na nani, kwa gari namba gani, anapelekwa wapi. Mpe msaidizi wa kusimama getini. Mimi huichagua nafasi hii kwa uangalifu kuliko zote, maana inahitaji mtu anayeweza kusikia vilio na bado akaandika mwandiko unaosomeka.

Nani anafanya nini

Sasa itisha kikao. Kamati isiwe kubwa: mkuu wa shule au makamu wake, matroni na patroni, mwalimu wa afya, mlinzi mkuu, mpishi mkuu, mzazi mmoja kutoka bodi, na wanafunzi wawili, mvulana na msichana kama shule ni mchanganyiko. Usimsahau mpishi na mlinzi. Ndio wanaoamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na ndio wanaoziona cheche kabla yetu.

Majukumu yagawiwe kwa nafasi, wala si kwa majina peke yake. Ukiandika "Mwalimu fulani atapiga simu", Jumamosi mwalimu huyo yuko harusini. Andika "mwalimu wa zamu anapiga simu, asipokuwepo, matroni, asipokuwepo, mlinzi". Kisha jiulize swali gumu zaidi: Jumamosi ya mwisho wa mwezi usiku, ni watu wazima wangapi wamo ndani ya uzio? Kama jibu ni mlinzi mmoja na matroni mmoja kwa watoto mia tatu, panga kwa hao wawili, na uishinikize bodi iongeze wa tatu. Mpango ulioandikwa kwa walimu kumi ambao hawalali shuleni ni mpango wa mchana.

Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mfuate mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa, umwambie shule inataka kuwa sehemu ya mpango huo. Kenya, anza na chifu na wazee wa nyumba kumi. Omba vitu vinavyotajika: nani ana trakta yenye tangi la maji, nani ana pampu, nani ana pikapu, zahanati ipi hufunguliwa usiku, na ni nyumba zipi zitakubali kupokea watoto lakini zitoe majina yao kwa shule kabla hakujapambazuka.

Mwalike pia ofisa wa Zimamoto wa wilaya aje kukagua. Ana jicho ambalo wewe huna, na akishaijua njia ya kufika shuleni hatapotea siku ya tukio. Mtembeze aone kama geti linapitisha gari lake, kama nyaya za umeme zimeshuka mno, na kama tangi lenu la maji lina mahali pa kuunganisha mpira wake.

Kengele isiyofanana na nyingine

Kengele ya vipindi isitumike kwa dharura. Mtoto aliyelala akiisikia atajua kumekucha na atajifunika tena. Chagua mlio wa aina yake: ringi ya gari iliyotundikwa ikigongwa mfululizo bila kupumzika, au filimbi nyingi kwa pamoja. Isitegemee umeme, kwa sababu umeme ndio wa kwanza kuzimwa. Weka ringi mbili, kila moja upande wake wa shule, na nyundo yake ifungwe kwa mnyororo ili isiazimwe. Kila kiranja wa bweni alale na filimbi shingoni. Kama fedha zipo, vile vifaa vidogo vya betri vinavyolia vinapohisi moshi ni ununuzi bora kuliko mtungi wa pili wa kuzimia moto, kwa sababu moshi hauamshi mtu. Moshi wa godoro la sponji ni mzito, mweusi, una gesi za sumu, kaboni monoksaidi na sayanidi. Aliyelala huuvuta akazidi kulala.

Dakika kumi za kwanza

Mpangilio huu uandikwe kwa herufi kubwa, ubandikwe bwenini, jikoni na getini:

1. Aliyeuona moto apige kelele "Moto!" na filimbi. Haulizi ruhusa, na hataadhibiwa hata kama ilikuwa kosa.
2. Viranja wafungue milango yote na kuamsha kila kitanda kwa mkono, juu na chini. Wote watoke bila kubeba kitu. Kukiwa na moshi, watambae, maana hewa nzuri iko chini karibu na sakafu.
3. Wa mwisho kutoka auvute mlango ufungike bila kuukomea, ili hewa isiulishe moto.
4. Mlinzi azime swichi kuu. Jikoni gesi ifungwe.
5. Mwalimu wa zamu apige simu. Tanzania, Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112. Kenya, 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199.
6. Wote wakusanyike uwanjani kwa mistari ya vitanda, waitwe majina.
7. Mtu mmoja mwenye tochi aende njia panda kulipokea gari la zimamoto.

Simu ile iwe na maneno yaliyokwisha kuandikwa. Mtu aliyepigwa na bumbuwazi husema "njooni haraka tunaungua" halafu anakata. Bandika karibu na simu: jina la shule, kata na wilaya, alama ya kuingilia kutoka barabara kuu, kinachoungua, kama kuna watu wamenasa, namba ya kupigia. Usikate wewe kwanza. Namba ya kituo cha wilaya iwe nayo pembeni, endapo ile fupi haitapokelewa.

Mahali pa kukusanyika pawe mbali na majengo, upande ambao upepo haupeleki moshi, na pasiwe kwenye njia ya gari la zimamoto. Uwanja wa mpira kwa kawaida unafaa.

Kuzima moto nimekuweka nje ya orodha kwa makusudi. Mtungi wa unga wa kilo 6 huisha kwa sekunde kama 15 hadi 20. Unafaa kwa moto wa ukubwa wa kapu la taka, ukiwa na mlango nyuma yako. Vuta pini, elekeza mpira kwenye shina la moto, bana mkono, fagia kushoto na kulia. Godoro likishashika na moshi umeshuka usawa wa kichwa, weka mtungi chini utoke. Maji hayamwagwi kwenye mafuta yanayowaka wala kwenye umeme ambao haujazimwa. Mshale wa mtungi uangaliwe kila mwezi kama bado uko kwenye kijani.

Na mtu akishatoka harudi. Ni amri ngumu kuliko zote kwa mwalimu anayemsikia mtoto ndani, nami siwezi kumhukumu aliyerudi. Lakini ukiingia kwenye moshi ule bila vifaa, pumzi chache zinatosha kukuangusha, na watoto mia nje wanabaki bila mtu wa kuwahesabu. Pitia dirishani kutoka nje, ng'oa, vunja, vuta. Shoka na mtaimbo viwekwe nje ya kila bweni kwa kazi hiyo.

Zoezi, na somo la matranka

Mpango ambao haujawahi kujaribiwa ni karatasi. Fanya zoezi la kwanza mchana, ukiwa umelitangaza, kwa kutembea tu. La pili jioni. La tatu usiku wa manane, ukiwa umewaarifu walimu, mlinzi, mtendaji na majirani ili asije mtu na panga akidhani mmevamiwa. Baada ya hapo kila muhula angalau mara moja, na wiki ya kwanza ya muhula kwa ajili ya wageni.

Zoezi letu la kwanza la usiku lilichukua dakika tisa. Nilikasirika, nikadhani ni uzembe. Jioni yake nilikaa na wavulana nikawauliza kwa upole, na mmoja wa kidato cha pili akasema: "Mwalimu, tulikuwa tunafunga matranka." Waliogopa kuibiwa. Kila mmoja alikuwa anatafuta kufuli dogo gizani, alinde sukari yake, viatu vyake na nauli ya kurudia nyumbani. Kwa mtoto asiye na kingine, hofu hiyo ina akili. Tulikubaliana mbele ya shule nzima kwamba siku ya dharura mlinzi atasimama mlangoni hadi wote warudi, na kitakachopotea shule italipa. Bodi iliandika ahadi hiyo. Zoezi lililofuata walitoka kwa dakika tatu na kitu.

Kwa hiyo ukimaliza zoezi, usihutubie. Uliza nani alikwama, wapi, kwa nini. Andika muda, andika waliosahauliwa. Mlango uliobishana na watoto utengenezwe kesho yake.

Kwenye ghorofa hatari hugeuka. Februari 3, 2020, zaidi ya watoto 10 walikufa kwa kukanyagana ngazini katika Shule ya Msingi Kakamega walipokuwa wakitoka madarasani, na hapakuwa na moto wowote. Fundisheni kutembea haraka bila kukimbia, kukaa upande mmoja wa ngazi, na kushuka ghorofa baada ya ghorofa huku mwalimu akiwa amesimama kwenye kona. Ngazi iwe na taa, iwe na mkono wa kushikia, na isiwekwe dawati lililovunjika.

Oktoba 2022 moto uliua watu 11 katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono, Uganda. Kila mtoto asiyeona, asiyesikia au anayetumia magongo awe na wenzake wawili waliokubali kwa hiari kutoka naye, alale kitanda cha chini karibu na mlango, na ajifunze njia kwa mikono yake kwa kuirudia. Kiziwi hasikii ringi. Mwenzake amguse bega. Muulizeni mwenyewe anataka asaidiwe vipi.

Aliyeungua

Maji safi yanayotiririka, ya kawaida yasiyo ya barafu, dakika 20. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Dawa ya meno, mafuta, yai, asali, majivu, vyote viachwe. Vua pete, saa na mkanda kabla sehemu haijavimba, lakini nguo iliyogandia kwenye ngozi usiibandue. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, umkinge na baridi sehemu nyingine za mwili. Aliyevuta moshi apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Sauti iliyokauka au masizi puani ni alama ya hatari. Nguo ikimwakia mtu asimame, ajilaze chini, ajiviringishe, huku amefunika uso. Walimu wote na skauti wafundishwe haya kwa vitendo. Tawi la Msalaba Mwekundu la karibu hutoa mafunzo.

Wazazi getini

Habari itafika kwenye makundi ya WhatsApp kabla hujamaliza kuhesabu. Huwezi kuizuia, ila unaweza kuwa wa kwanza kusema jambo la uhakika. Andaa ujumbe leo, uache nafasi wazi za kujaza: "Moto umetokea katika bweni ___ saa ___. Wanafunzi wamekusanywa uwanjani na wanahesabiwa. Tutatuma taarifa nyingine saa ___. Wazazi wanaokuja waingilie geti ___." Kisha timiza ile saa uliyoahidi, hata kama jipya ni dogo.

Anayesema na waandishi ni mmoja. Mwanafunzi asipigwe picha wala kuhojiwa. Jina la aliyefariki au aliyejeruhiwa vibaya haliandikwi kwenye kundi lolote. Familia iambiwe uso kwa uso na mtu mzima anayeheshimika, akiwemo shehe, padri au mchungaji wao ikiwezekana, wakiwa wamekaa. Tenga chumba chenye viti, maji na mtu wa kukaa nao. Mzazi aliyeachwa amesimama kwenye vumbi saa sita, akisukumwa na askari, hatasahau hilo.

Radi, mafuriko, basi

Muundo ni ule ule: mlio, njia, mahali, orodha, simu. Kinachobadilika ni mahali. Mkoani Geita radi iliua wanafunzi wakiwa darasani mwaka 2018 na tena 2025, hivyo shule za kanda ya ziwa zifunge kinga ya radi iliyopimwa na fundi anayejua kazi. Ngurumo ikisikika michezo isimame, wasikimbilie chini ya mti, na wasitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kwa mafuriko, mahali pa kukusanyika ni mwinuko, na mtoto asivuke maji yanayokwenda kasi hata kama yanafika gotini. Kwa basi la safari za masomo, orodha ya abiria iachwe shuleni kabla gari halijaondoka.

Moto unaowashwa na wanafunzi wenyewe

Kenya mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilikumbwa na mioto, na mingi ilihusishwa na wanafunzi. Kamati ya dharura isiyowasikiliza wanafunzi inalinda nusu ya shule. Baraza la wanafunzi lipewe siku ya kukutana na mkuu wa shule, yaandikwe yaliyosemwa na majibu yake, yabandikwe. Chakula, adhabu zisizo na kipimo, mtihani uliosogezwa, ruhusa iliyofutwa bila maelezo: haya huanza kama minong'ono vyooni wiki kadhaa kabla. Matroni na wapishi huyasikia. Wawe na mtu wa kumwambia ambaye hatawauliza "nani kasema".

Usiku unaofuata

Jengo lililoungua lisiguswe hadi polisi na Zimamoto wamalize. Watoto wasirudishwe kuchukua masalia. Walale wapi usiku huo? Amua leo: bwalo, msikiti, kanisa, shule jirani, na magodoro yatoke wapi. Wapeni chakula cha moto mapema, na watu wazima wanaowafahamu walale nao chumba kimoja, taa ikiwa imewashwa.

Baadhi hawatasema neno, wengine watakojoa kitandani wakiwa na miaka kumi na sita, wengine watacheka ovyo. Wote wako sawa. Asilazimishwe mtu kusimulia. Namba 116, ya kuwasaidia watoto, inapatikana Tanzania na Kenya. Ibandikwe, na simu iwepo ya kupigia. Walimu nao wapewe mtu wa kuzungumza naye, hasa yule aliyeshika orodha. Na jioni hiyo, kabla taa hazijapunguzwa bwaloni, majina yaitwe tena, moja moja, kitanda kwa kitanda.